Majina ya utani ya vikosi vya Ujerumani vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisoma habari za vita vya Wajerumani utakutana na Mizuka, Mashetani wa Kijani, Mbwa wa Mnyororo, hata Divisheni ya Mkate Mweupe. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi kuhusu majina hayo. Mengi ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Machache ni ya Vita vya Kwanza, na huko kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi wenyewe, tena jina lenyewe ni la Kiswahili. Mimi kila jina nalianzia na swali moja: nani alilitamka kwanza? Ni askari mwenyewe, ni adui yake, au ni ofisi ya serikali?

Jina la utani na jina la heshima si kitu kimoja?

Hapana, ni vitu viwili. Mfano wa karibu ni mpira. Yanga wanaitwa Wana Jangwani kwa sababu makao yao yako Jangwani. Mashabiki wa Simba nao wanawaita vyura, kwa kuwa Jangwani hujaa maji mvua zikinyesha. Klabu ni ile ile, ila jina moja wenyewe wanalichapa kwenye fulana na lingine wanaambiwa na watani wao.

Jeshi la Ujerumani lilikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na majina ya heshima yaliyotolewa kwa amri na kushonwa kwenye utepe wa mkono wa koti. "Großdeutschland", yaani Ujerumani Kuu, ni mmojawapo wa mifano hiyo. Kikosi hicho kilianza kama walinzi wa Berlin, na mwaka 1939 kikapewa jina hilo kwa sababu askari wake walikusanywa kutoka nchi nzima, wakati rejimenti nyingine zilichukua vijana wa mkoa mmoja. Hapo hapana utani. Jina la utani lilizaliwa kantini, barabarani au mdomoni mwa adui, na kwa kawaida halikuandikwa kwenye karatasi yoyote mpaka limeshazoeleka.

Kwa nini Divisheni ya 7 ya vifaru iliitwa Divisheni ya Mizuka?

Kwa Kijerumani ni Gespensterdivision. Nimetumia "mzuka" badala ya "mzimu" kwa makusudi. Mzimu unakaa pake, watu wanaufuata kwenda kutambika. Mzuka unazuka, sasa uko hapa, baadaye uko kule, na hujui ulipitia wapi. Divisheni hii ilikuwa hivyo.

Februari 1940 ilikabidhiwa kwa Erwin Rommel, ambaye alikuwa hajawahi kuongoza vifaru. Tarehe 13 Mei ikavuka mto Meuse karibu na Dinant, Ubelgiji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Rommel akapenya ngome za mpakani mwa Ufaransa na kuendelea usiku kucha kupita Avesnes, huku wanajeshi wa Kifaransa wakiwa wamelala kando ya barabara, wengine na familia za wakimbizi pembeni yao. Makao makuu yakapoteza mawasiliano naye. Kwenye ramani hapakuwa na mtu wa kusema kwa uhakika divisheni iko wapi. Wafaransa hawakujua, na wakubwa wa Rommel pia hawakujua.

Kwa hiyo jina lina pande mbili. Kwa adui ni hofu, na kwa makao makuu ya Ujerumani ni malalamiko. Watu hupenda kusimulia upande wa kwanza tu. Ukweli ni kwamba jenerali asiyejulikana alipo anaweza kukatwa nyuma akaachwa bila mafuta wala risasi, na Rommel alikaribia hapo zaidi ya mara moja. Alishinda, hivyo likawa jina la sifa. Kwa hesabu ya divisheni yenyewe, katika majuma hayo sita ilikamata wafungwa zaidi ya 97,000.

Lakini nimesoma kwamba Mizuka ni Divisheni ya 11.

Umesoma sawa. Divisheni ya 11 ya vifaru nayo iliitwa hivyo, na yenyewe ndiyo iliyochora mzuka kwenye magari yake: umbo jeupe limeinua upanga. Sifa yake ilikua upande wa mashariki mwaka 1942, chini ya Hermann Balck, hasa kwenye mapigano ya mto Chir mwezi Desemba, ilipokuwa ikipiga hapa alfajiri na kesho yake kupiga mahali pengine kabisa. Ukiona picha ya mzuka mwenye upanga, hiyo ni ya 11. Ukisoma habari za Rommel na Ufaransa, ni ya 7.

Divisheni ya Mkate Mweupe ni utani kweli, au mmetunga?

Ni kweli, na kati ya majina yote hili ndilo ninalolipenda.

Kufikia 1944 Ujerumani ilikuwa imekwisha watu. Maelfu ya askari walikuwa na vidonda vya tumbo na maradhi mengine ya tumbo, mengi yakitokana na miaka ya chakula kibovu na wasiwasi wa vitani. Zamani wangerudishwa nyumbani. Sasa jeshi likaona heri wakusanywe pamoja, maana mgonjwa wa tumbo hawezi mkate mweusi mgumu wa jeshi, na kumpikia mtu mmoja mmoja katika kila kombania ni usumbufu. Ukiwaweka mahali pamoja, jiko ni moja na daktari ni mmoja. Hivyo vikazaliwa vikosi vilivyoitwa "batalioni za tumbo", na Divisheni ya 70 ikajazwa watu wa namna hiyo. Wakapelekwa kisiwa cha Walcheren, Uholanzi, ambako kulikuwa na maziwa, mayai na mboga mbichi. Mkate wao ulikuwa wa unga mweupe. Wenzao wa vikosi vingine, wanaotafuna mkate mweusi, wakawabatiza Weißbrot-Division.

Utani huo uliishia pabaya. Walcheren iko mdomoni mwa njia ya maji inayokwenda bandari ya Antwerp, na bila bandari hiyo Washirika, yaani Waingereza, Wamarekani na wenzao, wasingeweza kulisha majeshi yao. Oktoba 1944 ndege za Uingereza zikapiga kingo za bahari, maji ya chumvi yakaingia, sehemu kubwa ya kisiwa ikazama. Tarehe 1 Novemba askari wakateremshwa Vlissingen na Westkapelle. Hao wagonjwa wa tumbo walipigana vikali kuliko jina lao lilivyoahidi, hasa wakisaidiwa na mizinga mikubwa ya wanamaji iliyokuwa ufukweni.

Mwisho wake ulikuwa Middelburg, tarehe 6 Novemba. Waskoti wachache walifika mjini kwa magari yanayotembea majini, wakiongozwa na meja. Jenerali Wilhelm Daser akakataa kusalimu amri kwa mtu wa cheo kidogo namna hiyo. Inasimuliwa kwamba meja akaazima nyota moja begani kwa luteni wake, akaibandika chini ya taji lake, akawa luteni kanali kwa mchana mmoja. Daser akaridhika. Wajerumani takriban 2,000 wakaweka silaha chini mbele ya watu wachache waliokuwa wakiomba idadi yao isijulikane.

Mbwa wa Mnyororo walikuwa akina nani?

Polisi wa jeshi, Feldgendarmerie. Walivaa kifuani bamba la chuma lenye umbo la mwezi mchanga, limening'inia kwa mnyororo shingoni, na maandishi yake yaling'aa gizani. Askari wa kawaida alipomwona mtu huyo njia panda alijua ataulizwa karatasi: unatoka wapi, unakwenda wapi, ruhusa iko wapi. Kijerumani cha kila siku kina neno Kettenhund, mbwa mlinzi anayefungwa mnyororo uani. Mnyororo ulikuwapo, ukali ulikuwapo, na jina likajitunga lenyewe.

Miezi ya mwisho ya vita utani uliisha. Polisi hao na wenzao walikuwa wakiwakamata waliokimbia, na wengi walinyongwa kwenye miti na nguzo za barabarani wakiwa wamevishwa kibao shingoni.

Jina jingine la aina hiyo ni Heldenklau, "mwizi wa mashujaa". Aliitwa hivyo Jenerali Walter von Unruh, aliyepita ofisi za nyuma kutafuta makarani na madereva wa kupeleka mstari wa mbele. Ofisi ikisikia anakuja, watu walijifanya wana kazi nyingi kweli.

Je, ni kweli adui ndiye aliyewaita "mashetani"?

Hapa niwie radhi, mimi ni mgumu kuamini. Askari wa miamvuli wa Ujerumani wanaitwa Mashetani wa Kijani, Grüne Teufel, na inasemwa kwamba jina walipewa na Washirika, hasa baada ya Divisheni ya Kwanza ya miamvuli kushikilia Monte Cassino, Italia, mpaka Mei 1944. Rangi haina shida, koti lao la kurukia lilikuwa la kijani. Ila angalia jinsi jina la namna hii linavyopendeza. Mtu anajisifu kwa mdomo wa adui yake. Propaganda ya Ujerumani haikuwa na sababu ya kulizuia.

Kisa cha upande wa pili kinafundisha zaidi. Wanamaji wa Marekani wanaopigana nchi kavu, Marines, wanajiita Mbwa wa Shetani, wakisema Wajerumani waliwapa jina hilo Belleau Wood, Ufaransa, mwezi Juni 1918. Tatizo ni kwamba magazeti ya Marekani yalikwisha kulichapa mwezi Aprili, kabla ya vita hivyo. Tena waliandika "Teufel Hunden", na Mjerumani angesema Teufelshunde. Hilo ni jina lililotungwa na mtu asiyejua Kijerumani sawasawa. Ukiambiwa "adui alitubatiza", tafuta karatasi ya adui.

Na majina ya wanyama?

Mengi yanatokana na nembo iliyochorwa kwenye gari. Divisheni ya 3 ya vifaru ilikuwa ya Berlin, na nembo ya Berlin ni dubu, basi wakawa dubu. Divisheni ya 116 iliitwa Windhund, yaani mbwa wa mbio, yule mwembamba mwenye miguu mirefu. Jina na nembo ilirithi kwa Divisheni ya 16, ambayo mwaka 1942 ilitawanyika katika nyika za Kalmykia hadi doria zake zikakaribia Astrakhan. Katika nyika ile yenye watu wachache, mwenye mbio ndiye anayeishi.

Nyambizi U-47 ilichorwa fahali anayefoka baada ya nahodha Günther Prien kupenya Scapa Flow tarehe 14 Oktoba 1939 na kuizamisha manowari ya Uingereza Royal Oak, wakafa watu zaidi ya 800. Fahali huyo baadaye akawa nembo ya kikosi kizima cha nyambizi, cha 7.

Si wote walichora wanyama. Divisheni ya 23 ya vifaru iliundwa Ufaransa mwaka 1941 na ikachora mnara wa Eiffel, ikaubeba mpaka Caucasus.

Na kuna mdudu. Rejimenti moja ya walinzi wa mfalme wa Prussia iliitwa Maikäfer, mbawakavu wa kahawia anayetokea Ulaya kila mwezi Mei. Asili inayosimuliwa ni kwamba sehemu ya kikosi ilikaa Spandau na kila Mei ilikwenda Potsdam kwa mazoezi, hivyo watu wa Potsdam wakiwaona wanasema: Mei imefika, wadudu wamerudi. Walikuwa bado na jina hilo tarehe 31 Julai 1917, walipokutana na Wawelisi karibu na Ypres, Ubelgiji, na kuvunjwa vibaya.

Ndege nazo zilikuwa na majina?

Tele. Maarufu kuliko yote ni "sarakasi" ya rubani Manfred von Richthofen, kikosi cha ndege za kivita cha Jagdgeschwader 1 kilichoundwa Juni 1917. Waingereza ndio waliotumia neno hilo. Wengine wanasema ni kwa sababu ndege zilipakwa rangi kali, kila rubani na yake, ya Richthofen nyekundu. Wengine wanasema ni kwa sababu kikosi kilihamahama kwa treni na mahema kama watu wa sarakasi, kikienda popote mapigano yalipo makali. Sioni sababu ya kuchagua. Sarakasi ina rangi na ina mahema.

Katika vita vya pili kulikuwa na Moyo wa Kijani, Jagdgeschwader 54. Kamanda wake Hannes Trautloft alitoka Thüringen, mkoa wenye misitu ambao Wajerumani huuita moyo wa kijani wa Ujerumani. Kulikuwa pia na Wilde Sau, nguruwe mwitu, jina lililoanza kama mbinu mwaka 1943. Hajo Herrmann alipendekeza ndege ndogo za mchana zirushwe usiku juu ya mji unaoungua, marubani watafute ndege za adui kwa macho, kwa mwanga wa moto na taa kubwa za ardhini. Jagdgeschwader 300 kikabaki na jina hilo hata baada ya mbinu kuachwa.

Kuna jina lolote lililokuwa mtego?

Brandenburg. Hawa walikuwa makomando wa idara ya ujasusi wa jeshi, na jina lilitokana tu na mji wa Brandenburg, kwenye mto Havel, walikokuwa na kambi. Mtego ulikuwa kwenye jina rasmi la mwanzo: "kombania ya mafunzo ya ujenzi ya kazi maalumu namba 800". Ukilisikia utadhani ni mafundi waashi. Kazi yao ilikuwa kuvaa sare za adui na kuteka madaraja kabla hayajalipuliwa, kama walivyofanya Gennep, Uholanzi, alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940. Mwanzilishi wao, Theodor von Hippel, alikuwa amepigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na fikra ya vikosi vidogo vya kuvizia aliitoa huku kwetu.

Afrika Korps ilipigana Tanganyika?

Hapana. Jeshi hilo la Wajerumani lilipigana Afrika Kaskazini, tangu Februari 1941 hadi lilipojisalimisha Tunisia, Mei 1943. Vita vya Wajerumani Tanganyika ni vya 1914 hadi 1918.

Handschar ina uhusiano na neno letu hanjari?

Ni neno lile lile. Asili ni Kiarabu khanjar, likapita Kituruki hadi Bosnia, na kwa njia ya bahari likafika kwetu. Jambia lenye jina hilo liko kwenye bendera ya Oman. Divisheni ya 13 ya SS, jeshi la chama cha Wanazi, iliyojazwa hasa Waislamu wa Bosnia mwaka 1943, iliitwa Handschar na ilivaa alama yake kwenye kola. Lakini hilo halikuwa jina la utani. Ofisi ya Himmler, mkuu wa SS, ililichagua ili kuwavuta watu kwa kitu wanachokijua. Haikutosha: Septemba 17, 1943, sehemu ya kikosi iliasi ikiwa mazoezini Villefranche-de-Rouergue, Ufaransa. Mwaka uliofuata divisheni hiyo iliua raia Waserbia mashariki mwa Bosnia.

Watu wa Afrika Mashariki nao waliwapa Wajerumani majina?

Waliwapa, na kwa ufundi. Tom von Prince, afisa aliyekufa Tanga Novemba 4, 1914, aliitwa Bwana Sakarani, kutokana na Kiarabu cha "aliyelewa". Emil von Zelewski, aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo mwaka 1891, aliitwa Nyundo.

Lakini lililo bora ni la meli. Juni 1914 manowari Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Wenyeji hawakujali Königsberg ni mji gani. Walihesabu mabomba ya moshi: moja, mawili, matatu. Meli nyingi walizozoea zilikuwa na pungufu, na bomba nyingi ni nguvu nyingi. Wakaiita Manowari na bomba tatu. Wajerumani wenyewe wakalichukua jina hilo na kuliandika kwa Kiswahili katika kumbukumbu zao.

Septemba 20, 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar, kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, mpaka ikaangamizwa Julai 11, 1915. Mizinga yake kumi ikafunguliwa, ikakokotwa nchi kavu na kutumika kwa miaka mingine. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Watoto wa shule huupanda kupiga picha.

Kwa nini ua zuri kama edelweiss lipewe jeshi?

Ni ua dogo jeupe la milimani, na Divisheni ya Kwanza ya milimani ililivaa kwenye kofia. Jina likafuata nembo. Tatizo ni yaliyofanyika chini ya ua hilo. Tarehe 16 Agosti 1943 askari wa divisheni hiyo waliingia kijiji cha Kommeno, Ugiriki, alfajiri, baada ya sikukuu ya kanisa, wakaua watu 317, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata walishiriki mauaji ya wafungwa wa Kiitaliano kisiwani Kefalonia.

Ndiyo maana huwa nashtuka mtu akiniambia majina haya ni burudani tupu. Totenkopf, fuvu la kichwa, lilikuwa la askari farasi wa Prussia tangu karne ya 18. SS wakalichukua, na divisheni yao yenye jina hilo iliundwa kwa walinzi wa kambi za mateso. Mei 27, 1940 iliua wafungwa 97 wa Kiingereza kijijini Le Paradis.

Majina haya bado yanatumika?

Baadhi. Fuvu la SS na alama nyingine za Wanazi ukizionyesha hadharani Ujerumani ni kosa la jinai. Kikosi kimoja cha anga bado kinaitwa Richthofen. Kingine kiliitwa Mölders, kwa jina la rubani aliyepigana Hispania katika Legion Condor, kikosi cha Wajerumani kwenye vita vya huko, na mwaka 2005 waziri wa ulinzi akaliondoa, baada ya bunge kuamua mwaka 1998 kwamba watu wa Condor wasienziwe. Askari wa milimani wa Ujerumani ya leo wanaendelea kuvaa edelweiss upande wa kushoto wa kofia.